Ikulu na Nyumba ya Babu: Nani Mwenye Nyumba?

Ndugu msomaji, mwezi uliopita nilikwenda Mkwaja, kusini mwa wilaya ya Pangani, kuhudhuria kikao cha ukoo. Jambo la kuzungumza lilikuwa moja tu, nalo ni nyumba ya marehemu babu. Nyumba hiyo ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari yake imeshikwa na boriti za mikoko, na mbele ina baraza pana ambapo jioni hukaa yeyote apitaye, awe mvuvi atokaye pwani au mgeni anayesubiri usafiri. Tangu babu afariki nyumba imekuwa ya wote, na kwa sababu hiyo hiyo imekuwa kama haina mwenyewe. Ukuta wa upande wa bahari umefanya ufa, na makuti yamechakaa hata mvua za masika huingia ndani bila kupiga hodi.

Baba mdogo, ambaye ndiye akaaye humo, alileta shauri lake. Alitaka sisi sote tulioko mijini tuchange fedha, nyumba iezekwe bati, kisha baraza lizibwe kwa ukuta ili apate vyumba viwili vya kupangisha. Shangazi, aliyesafiri kutoka Tanga kwa ajili ya kikao hicho, alikataa katakata.

"Kaka," alisema, "nyumba hii umeachiwa uitunze, hukuachiwa uigeuze. Barazani hapa ndipo baba alipotuoza, na hapa ndipo watu walipokaa matanga yake. Ukiliziba, wageni wa ukoo utawaweka wapi?"

"Dada," akajibu baba mdogo, "mvua ikinyesha mimi ndiye ninayehamisha kitanda usiku. Ninyi mnakuja Idi hadi Idi."

Maneno yakawa makali. Ndipo binamu yangu mmoja, mfanyakazi wa bandarini Dar es Salaam, akasema kwa mzaha, "Jamani, nyumba ya wote ni kama Ikulu. Kila mtu husema ni yake, lakini siku paa likivuja hujui umwite nani." Watu wakacheka, hasira zikapungua, na kikao kikaahirishwa hadi kesho yake asubuhi.

Mimi nami nilicheka, lakini usiku ule usingizi haukuja upesi. Niliona kwamba binamu, katika mzaha wake, alikuwa amegusa jambo kubwa. Nyumba ya Ikulu nayo imepata kuvuja, imepata kubomolewa, imepata kukarabatiwa, na imepata kuhamwa. Je, katika miaka hiyo yote mwenye nyumba alikuwa nani? Nimeona vema Jumapili hii tulitazame suala hilo pamoja.

JINA LILITOKA BARA, NYUMBA ILITOKA NG'AMBO

Sisi tuliozaliwa upande wa Mkwaja, nyumba ya kwanza ya serikali tuliyoijua ni Boma la Pangani. Tulipokuwa watoto tulivuka mto kwa pantoni kutoka Bweni, tukaliona limesimama kwa nguzo zake nene. Boma hilo halikuanza kama nyumba ya serikali. Lilikuwa jumba la mfanyabiashara wa Kiomani katika karne ya 19, kabla Wajerumani hawajalitwaa na kuliongeza wakalifanya makao ya utawala. Wazee husimulia kwamba chini ya nguzo zile walizikwa watumwa wakiwa hai. Masimulizi hayo yanatuonyesha jinsi wananchi walivyolitazama jumba lile, yaani waliona kwamba uzito wake ulibebwa na watu wasiotajwa.

Lakini Pangani ilikuwa boma la wilaya tu. Mkubwa wao alikuwa Dar es Salaam. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo wakayapeleka Dar es Salaam, chini ya Gavana Julius von Soden. Katika miaka hiyo ya 1890 lilijengwa jumba la gavana ufukweni, karibu na mlango wa bandari, mahali ambapo leo tumezoea kupaita Magogoni. Mfanyakazi anayevuka kila asubuhi kutoka Kigamboni hupita jirani na mahali hapo, pengine bila hata kuinua macho, maana akili yake yote iko kwenye saa ya kazini.

Jina tunaloliita leo si la Kijerumani wala la Kiingereza. Neno ikulu ni la Wanyamwezi na Wasukuma, na maana yake ni makao ya mtemi. Sisi wa pwani tulikuwa na majumbe wetu na mabaraza yao, lakini taifa lilipotafuta jina la nyumba ya mkuu wa nchi lilikwenda bara likaazima la watemi.

Na fedha je? Mwaka 1897 utawala wa Kijerumani ulitangaza kodi ya nyumba. Kila mwenye kibanda, hata kiwe cha fito na udongo, alitakiwa alipe. Asiyekuwa na fedha alitozwa mazao, au alilipa kwa nguvu za mikono yake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usidhani kwamba kibanda cha mvuvi na jumba la gavana zilikuwa nyumba mbili zisizojuana. Kibanda kiliilipa serikali, na serikali ndiyo iliyolitunza jumba.

ALIYEBOMOA NDIYE ALIYERITHI

Gavana wa mwisho wa Kijerumani alikuwa Heinrich Schnee, aliyefika mwaka 1912. Miaka miwili baadaye Vita Kuu ya kwanza ikalipuka. Mwishoni mwa Novemba 1914 manowari za Uingereza, Goliath na Fox, zilisogea nje ya bandari ya Dar es Salaam zikaupiga mji kwa mizinga. Jumba la gavana, lililojengwa ufukweni ili lipate upepo wa bahari na lionekane na kila chombo kinachoingia, likawa shabaha rahisi. Likabomoka vibaya.

Mambo ya dunia yana mizaha yake. Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam, na wale wale walioipiga nyumba kwa mizinga wakajikuta wamerithi magofu yake. Sasa walihitaji mahali pa kumweka gavana wao wenyewe, Sir Horace Byatt. Ikawabidi waijenge upya nyumba waliyoibomoa.

Jengo jipya lilikamilika mwaka 1922, nalo lilisimamishwa juu ya msingi ule ule wa Wajerumani. Mchoro wake ulitoka kwa John Sinclair, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi Unguja kwa miaka mingi. Huko alikuwa amekwisha jenga makazi ya mwakilishi wa Uingereza mwaka 1903, nyumba ambayo baadaye imekuwa Ikulu ya Zanzibar, na pia jengo la mahakama kuu pale Vuga. Sinclair alivutiwa sana na matao na nakshi za majengo ya Kiarabu. Ndiyo maana Ikulu ya Dar es Salaam ina kuta nyeupe, matao yaliyofuatana, na varanda pana zinazozunguka.

Mtu anaweza kudhani kwamba varanda na matao hayo ni mapambo tu. La hasha! Kwetu pwani jua ni kali na hewa ina unyevu. Varanda huzuia jua lisiupige ukuta wenyewe, tao hupitisha upepo, na chokaa nyeupe hurudisha mwanga. Fundi wa Mkwaja aliyemjengea babu baraza pana hakusoma vyuo vya Ulaya, lakini alijua hesabu hiyo hiyo. Jambo moja tu liliwatenga: baraza la babu lilijengwa ili wapitao wakae, na varanda ya gavana ilijengwa ili gavana akae akiwatazama wapitao.

Mwaka huo huo wa 1922 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria yake ya kodi ya nyumba na ya kichwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: fundi akapewa sifa, gavana akapewa ufunguo, na mlipa kodi akapewa stakabadhi.

MWENYE NYUMBA ANAINGIA

Kwa karibu miaka 40 magavana wa Kiingereza walipokezana nyumba hiyo. Wa mwisho alikuwa Sir Richard Turnbull. Watu wengi hufikiri kwamba tarehe 9 Desemba 1961, siku ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere aliingia Ikulu. Sivyo. Mwalimu alikuwa Waziri Mkuu, na Malkia wa Uingereza alibaki kuwa mkuu wa nchi kwa mwaka mmoja zaidi, akiwakilishwa na Turnbull huyo huyo, ambaye cheo chake kiligeuzwa kuwa Gavana Mkuu. Bendera mpya ilipepea, lakini mpangaji wa zamani alikuwa bado hajafunga mizigo. Ni tarehe 9 Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri na Mwalimu akawa Rais, ndipo nyumba ilipompokea mkuu wa nchi aliyechaguliwa na wananchi.

Haukupita muda mrefu nyumba ikajaribiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walioasi katika kambi ya Colito walifika hadi Ikulu wakimtafuta Rais. Mwalimu pamoja na Rashidi Kawawa walikwisha kuondolewa na kuvushwa kwenda ng'ambo ya Kigamboni. Kuta zilikuwa nene, milango ilikuwa mizito, lakini kilichomsalimu Rais usiku ule kilikuwa ni watu waaminifu. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango.

Baadaye Mwalimu alifanya jambo ambalo vijana wengi wa leo hawalijui. Hakutaka kuyafanya makazi yake katika jumba la magavana. Alihamia Msasani, katika nyumba aliyoijenga kwa mkopo kama mfanyakazi mwingine yeyote, na Magogoni akaenda kama mtu aendaye kazini. Kwa kitendo hicho alitenga mambo mawili ambayo viongozi wengi duniani huyachanganya, yaani nyumba ya cheo na nyumba ya mtu. Cheo kina mwisho, na siku kinapokwisha mtu anahitaji kuwa na kwake.

Miaka kumi baada ya kung'atuka urais, akihutubia Mei Mosi ya mwaka 1995 mjini Mbeya, Mwalimu aliwakumbusha Watanzania kwamba Ikulu ni mahali patakatifu, wala si mahali pa kufanyia biashara. Maneno hayo yalikumbukwa na watu wengi kuliko hotuba nyingi za wakati ule, kwa sababu yalitoka kwa mtu aliyekaa na ufunguo wa nyumba ile kwa miaka 23 kisha akaurudisha.

MAJIRANI WA MBALI

Tusidhani kwamba ni sisi tu tuliopambana na suala hili. Ikulu ya Marekani, White House, ilianza kujengwa mwaka 1792, na miongoni mwa waliofanya kazi hiyo walikuwamo watumwa weusi. Rais wa kwanza kuishi humo, John Adams, aliingia mwaka 1800. Tarehe 24 Agosti 1814 askari wa Uingereza waliichoma moto. Miaka 100 baadaye ndipo mizinga ya taifa hilo hilo ilipoifikia nyumba yetu ya Magogoni! Wamarekani nao waliijenga upya nyumba yao, na Rais Monroe akarudi humo mwaka 1817.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha mwaka 1948. Wakati huo Rais alikuwa Harry Truman, na mguu wa piano ya binti yake ulitoboa sakafu. Mafundi walipochunguza waliona kwamba boriti zilikuwa zimedhoofika kwa miaka mingi ya kukatwa, kutobolewa na kupitishiwa mabomba na nyaya, kila mpangaji akiongeza lake bila kuangalia kilichoibeba nyumba. Wapo walioshauri ibomolewe yote. Ikaamuliwa kuta za nje zibaki, na ndani kujengwe upya kwa chuma. Truman na jamaa yake walihamia nyumba ya ng'ambo ya barabara, wakarudi mwaka 1952.

Na bado ubishi haujakwisha. Oktoba 2025 jengo la upande wa mashariki la White House lilibomolewa lote ili kupisha ukumbi mkubwa wa dhifa, na Wamarekani wakagawanyika. Wengine walisema Rais ana haki ya kuiendeleza nyumba anayokaa. Wengine wakauliza ni nani aliyempa mpangaji ruhusa ya kuangusha ukuta. Nilipokuwa Mkwaja, ndugu msomaji, nilisikia ubishi huo huo kwa Kiswahili fasaha, kati ya baba mdogo na shangazi.

TAO LA PWANI LAFIKA UGOGO

Hapa kwetu sura ya karibuni imeandikwa Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulipitishwa na chama cha TANU mwaka 1973. Hata kabla ya hapo Mwalimu alikwisha kukaa Chamwino, akifyatua matofali pamoja na wanakijiji. Miaka ikapita, mipango ikawa mingi kuliko majengo. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itahamia Dodoma kwa vitendo, na tarehe 30 Mei 2020 akaweka jiwe la msingi la Ikulu mpya ya Chamwino. Hakujaliwa kuiona imekamilika, kwa kuwa alifariki Machi 2021. Rais Samia Suluhu Hassan ndiye aliyeizindua, tarehe 20 Mei 2023.

Jambo la kuangaliwa hapa ni umbo lake. Chamwino palikuwa na nafasi tele na hapakuwa na magofu ya mtu. Wajenzi wangeweza kuchora nyumba yoyote waliyoitaka. Lakini jengo walilosimamisha limefanana na lile la Magogoni, kwa kuta nyeupe na matao yale yale. Hivyo tao lililotoka Unguja, likajengwa na Mwingereza juu ya msingi wa Mjerumani, sasa limesimama katika nchi kavu ya Ugogo, likiwa limejengwa na Watanzania wenyewe.

Wapo watakaosema tungeanza upya kabisa, tusahau umbo la magavana. Mimi nafikiri vingine. Umbo halikuwa la magavana tangu mwanzo. Wao waliliazima pwani. Tena nyumba ikikaliwa na kulipiwa na watu kwa zaidi ya miaka 100, nayo huwa yao. Kilichobadilika ni swali tunaloweza kumwuliza anayekaa ndani. Mzee wa Mkwaja aliyelipa kodi mwaka 1922 hakuwa na haki ya kuuliza fedha zake zimejenga nini. Mwananchi wa leo anayo haki hiyo, na akiacha kuitumia, amerudi mwenyewe kwenye mwaka 1922.

Kwa hiyo jibu langu kwa binamu ni hili. Nyumba ya wote ina mwenyewe, naye ni wote. Anayelala ndani ni mpangaji. Wajibu wake ni kuziba ufa mapema na kutoa taarifa ya fedha, kisha kuiacha nyumba ikiwa nzima kuliko alivyoikuta. Na sisi wenye nyumba tunao wajibu wetu, ambao ni kuchanga, kukagua, na kutosubiri paa lianguke ndipo tulaumu.

KESHO YAKE ASUBUHI

Nilisema maneno haya kwenye kikao, kwa ufupi zaidi. Baba mdogo alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mwaka jana ulituma shilingi ngapi?"

Nikainamisha kichwa. Sikuwa nimetuma hata senti. Mwaka juzi vile vile. Nilikuwa hodari wa kusema nyumba ni yetu, na ufa ulikuwa ukikua kwa ukimya wangu kama ulivyokua kwa ukimya wa wengine. Shangazi naye akanyamaza, kisha akafungua kitambaa akatoa fedha za upatu wake, akaziweka mkekani. Hakusema neno. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kusema hana.

Tuliafikiana hivi. Ufa utazibwa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Paa litaezekwa bati, kwa sababu makuti yanahitaji kubadilishwa mara kwa mara na vijana wa kuyasuka wamepungua. Baba mdogo atajengewa vyumba viwili uani, apangishe, na sehemu ya kodi iwe akiba ya matengenezo. Baraza halitazibwa. Na pamenunuliwa daftari moja, ambamo kila mchango na kila matumizi yataandikwa, na daftari hilo litakaa mahali ambapo hata mtoto wa ukoo anaweza kulifungua akasoma.

Nilipoondoka, baba mdogo alikuwa barazani na mvuvi mmoja, wakizungumza habari za bei ya saruji. Nilimpungia mkono, naye akaniita kwa sauti, "Daftari halilali, mwanangu! Mwisho wa mwezi tunakungojea."

Nawe, ndugu msomaji uliyepanga chumba mjini, nyumba ya kwenu ina ufa upande gani? Tukutane Jumapili ijayo.